Padre Cyprien Tanguay, Msomaji wa Vitabu vya Ubatizo

Katika kila ofisi ya parokia kuna kitabu ambacho waamini wengi hukikumbuka siku mbili tu: siku ya kumwandikisha mtoto ubatizo, na siku mtoto huyo, akiwa amekua, anaporudi kuomba cheti ili afunge ndoa. Padre Cyprien Tanguay wa Kanada alitumia takriban miaka 25 akivipekua vitabu vya namna hiyo, parokia baada ya parokia.

Alizaliwa mjini Quebec tarehe 15 Septemba 1819, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1843. Kwa zaidi ya miaka 20 alizihudumia parokia mbalimbali, ikiwemo Rimouski, kando ya mto St. Lawrence. Mwaka 1865 akaingia katika idara ya serikali iliyoshughulikia takwimu na hesabu ya watu.

Mtu aweza kuuliza: padre na takwimu, wapi na wapi? Jibu ni kwamba kwa Wakanada wa asili ya Kifaransa kitabu cha parokia kilikuwa pia kumbukumbu ya serikali. Aliyetaka kujua idadi ya watu wa zamani na koo zao, ilimpasa kubisha hodi kwa paroko.

Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka 1640 moto uliteketeza kanisa la Quebec pamoja na vitabu vyake, ikawabidi wamisionari kuandika upya kwa kukumbuka majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Tena, familia nyingi zilikuwa na jina la ukoo na lakabu; tawi moja likashika hili, jingine likashika lile, hata ndugu wa damu wakaonekana kama wageni. Hata hivyo palikuwa na neema moja kubwa: mapadre wa zamani walizoea kumwandika mama kwa jina la ukoo wake mwenyewe, si la mumewe. Kwa kalamu hiyo moja, nasaba ya upande wa mama haikupotea.

Padre Tanguay alinakili, akalinganisha, akavuka bahari hadi Ufaransa kupekua hifadhi za huko. Kati ya mwaka 1871 na 1890 alichapisha juzuu 7 za kamusi ya nasaba za familia za Kanada. Alifariki mjini Ottawa tarehe 28 Aprili 1902.

Je, kamusi yake ilikosa kasoro? La. Ilikuwa na makosa mengi: tarehe zilizokosewa, watu wawili waliofanywa mmoja, familia zilizosahauliwa. Lakini waliomfuata hawakumdharau. Mwaka 1943 Padre Archange Godbout, Mfransisko, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha nasaba cha Wakanada wa Kifaransa mjini Montreal, na baadaye chama hicho kikachapisha masahihisho ya kazi ya Tanguay. Hivyo mmoja alipanda, wengine wakapalilia.

Wapendwa waamini, maisha haya yanatugusa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 877, yamtaka paroko aandike bila kukawia jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na tarehe ya ubatizo, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kanuni ya 535 yaagiza vitabu hivyo vitunzwe kwa uangalifu. Lakini mchwa, mvua inayovuja na haraka zetu huharibu kama moto ule wa Quebec. Jina lililoandikwa nusunusu leo laweza kumsumbua mchumba miaka 25 ijayo, au kuficha undugu uliopaswa kujulikana kabla ya ndoa.

Basi mzazi aje na majina kamili, ya baba na ya mama. Katekista wa kigango asibaki na orodha mfukoni, bali aifikishe ofisini mapema. Nasi mapadre tuandike kwa mwandiko unaosomeka, tukijua kwamba atakayeusoma huenda hajazaliwa bado. Mungu humwita kila mmoja kwa jina lake. Haifai sisi tulioagizwa kulitunza jina hilo tulipoteze.