Alfred Binet: Alipima akili, hakuipangia bei

Mwaka 1908, mtoto wa miaka 9 jijini Paris angeweza kuketishwa mbele ya meza yenye sarafu na kuambiwa acheze kama mwenye duka. Mtu mzima anajifanya mteja, ananunua kitu cha su chache, anatoa su 20, kisha anangoja arudishiwe chenji. Mtoto akihesabu sawasawa, jibu lake linaandikwa, na swali linalofuata linaletwa. Mchezo huo mdogo wa dukani ulikuwa sehemu ya kipimo cha akili kilichokuja kuenea duniani kote, na aliyekitunga alikuwa Mfaransa aitwaye Alfred Binet.

Binet alizaliwa tarehe 8 Julai 1857 mjini Nice, wakati mji huo ulikuwa bado chini ya Ufalme wa Sardinia. Baba yake alikuwa daktari na mama yake mchoraji. Wazazi hao walitengana, na kijana akalelewa na mama yake, ambaye alimpeleka Paris kusoma. Alipata shahada ya sheria mwaka 1878, lakini kazi ya uwakili haikumkaa moyoni. Alianza kwenda kwenye maktaba kuu ya taifa na kujisomea vitabu vya saikolojia, bila mwalimu wa kumwongoza.

Mwanzo wake katika fani hiyo ulikuwa wa aibu. Miaka ya 1880 alifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière chini ya Jean-Martin Charcot, daktari maarufu mno wa mishipa ya fahamu. Binet na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba sumaku inaweza kuhamisha dalili za mgonjwa aliyelazwa usingizi wa kiini macho, zikatoka upande mmoja wa mwili kwenda upande wa pili. Joseph Delboeuf, mtaalamu kutoka Ubelgiji, alikwenda kujionea mwenyewe. Aligundua kwamba wapimaji walizungumza mbele ya mgonjwa kuhusu matokeo waliyoyatarajia, na mgonjwa akatenda kama ilivyotarajiwa. Sumaku haikuwa na kazi yoyote. Binet alibisha kwa muda, mwishowe akakubali kosa lake hadharani. Kuanzia hapo aliogopa jambo moja kuliko yote: mpimaji kupata jibu alilokuwa nalo kichwani tangu mwanzo.

Aliondoka hospitalini na kuanza upya nyumbani kwake. Mwaka 1884 alikuwa amemwoa Laure Balbiani, nao wakajaliwa mabinti wawili, Madeleine na Alice. Binet aliwatazama wakikua na kuwatungia mazoezi madogo ya kuhesabu, kulinganisha urefu wa mistari na kueleza maana ya vitu. Aliona kwamba Madeleine alikuwa mwangalifu, hapigi hatua kabla ya kuwa na hakika, wakati Alice alichangamka na kuruka kutoka jambo hadi jambo. Walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mmoja, nyumba moja, na wote wawili walikuwa na akili, ila kila mmoja aliitumia kwa njia yake.

Mwaka 1891 alijiunga na maabara ya saikolojia ya Sorbonne bila mshahara. Miaka michache baadaye akawa mkuu wake, nafasi aliyoishikilia hadi kufa, ingawa kiti cha uprofesa alichokitaka jijini Paris hakukipata kamwe.

Kazi yake moja ya wakati huo ingemfurahisha mtu yeyote anayekokotoa shilingi na faranga kichwani. Paris ilikuwa na watu waliopanda jukwaani kuonyesha ufundi wa hesabu. Mmoja wao, Jacques Inaudi, alikuwa mchunga kondoo kutoka Italia aliyejifunza kuhesabu kabla ya kujua kusoma. Binet aliwapima watu hao, kisha akawalinganisha na makeshia wa duka kubwa la Bon Marché, ambao kwa miaka mingi walipiga hesabu za bei kichwani kutwa nzima. Katika hesabu za namba ndogo, makeshia bora hawakushindwa na mabingwa wa jukwaani. Pale mabingwa walipowazidi ni kwenye kukumbuka namba ndefu. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1894, yalionyesha kwamba mazoezi ya kila siku yanaweza kumfikisha mtu wa kawaida mahali ambapo wengi hudhani panafikiwa kwa kipaji tu.

Wataalamu wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba kichwa kikubwa ni akili kubwa. Binet naye alichukua vifaa akapima vichwa vya wanafunzi waliosifiwa na walimu wao na vya wale walioonekana wazito. Tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo mno, mara nyingi kiasi cha milimita tu. Baya zaidi, alitambua kwamba mkono wake mwenyewe ungeweza kuongeza milimita hiyo bila yeye kujua, kwa sababu alishajua ni nani aliyesifiwa. Somo la sumaku lilikuwa limemwingia. Aliachana na vichwa.

Nafasi yake kubwa ilikuja mwaka 1904. Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imelazimisha watoto wote wa Ufaransa kwenda shule, na walimu walijikuta na watoto wasioweza kufuata masomo ya kawaida. Serikali iliunda tume ya kushughulikia suala hilo, na Binet alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Hatari ilikuwa wazi. Mtoto aliyemuudhi mwalimu, au aliyetoka nyumba maskini, angeweza kuondolewa darasani na kuitwa mpungufu wa akili kwa neno la mtu mmoja.

Kwa hiyo mwaka 1905 Binet na daktari kijana Théodore Simon walitoa kipimo chenye majaribio 30, kuanzia rahisi hadi magumu. Mtoto alifuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, alitaja vitu kwenye picha, alirudia namba alizosomewa, alipanga visanduku vyenye umbo moja kwa uzito wake. Mwaka 1908 waliyapanga majaribio kwa umri, ndipo hesabu ya chenji ikawa ya watoto wa miaka 9.

Binet alikiwekea kipimo hicho mipaka. Kilionyesha hali ya mtoto siku ile aliyopimwa, si kiwango alichozaliwa nacho wala mwisho wake. Akili, kwa maoni yake, haipimwi kama kitambaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu watoto, aliwapinga waliosema akili haiongezeki. Alitaka madarasa maalumu yenye wanafunzi wachache, ambako watoto wangezoezwa kwanza kutulia, kusikiliza na kukumbuka. Mwaka huohuo Ufaransa ilipitisha sheria ya kuanzisha madarasa ya aina hiyo.

Alifariki Paris tarehe 18 Oktoba 1911, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata, Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa mtoto, ili ipatikane namba moja. Marekani, Henry Goddard alikuwa tayari amekitafsiri kipimo, akakitumia kwa wahamiaji waliofika Ellis Island baada ya safari ndefu baharini, wakiulizwa kupitia wakalimani. Mwaka 1916 Lewis Terman alitoa toleo lake, akiamini akili ni urithi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi mwanamke kijana ambaye kipimo kilimpa umri wa akili wa miaka 9.

Afrika Mashariki haikusalimika. Katika miaka ya 1930, daktari Henry Laing Gordon na wenzake jijini Nairobi walipima vichwa na ubongo wa Waafrika, wakadai wana upungufu wa akili wa kuzaliwa, na wakaomba fedha kutoka London ili kuendelea. Walikuwa wakifanya jambo lilelile ambalo Binet alilijaribu kwa wanafunzi wa Paris, akaliona halina maana, akaandika wazi kwamba mkono wa mpimaji hauaminiki.

Katika madarasa aliyoyapigania, mtoto aliyekosea kurudisha chenji hakufukuzwa mezani. Alifundishwa, akarudishiwa sarafu zile, akajaribu tena.