Nuhu Mbogo na maili zake 24

Ukipanda ngazi za mnara wa Msikiti wa Taifa, Old Kampala, hadi juu kabisa, mwongoza wageni atakuonyesha vilima kimoja baada ya kingine. Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki, Mengo kwa Kabaka, na kule ng'ambo ya mji, Kibuli. Wengi wetu hupiga picha na kushuka. Leo nakuomba, ndugu msomaji, usishuke haraka, hasa kama unasoma sayansi ya jamii na bado unahangaika na mada ya tasnifu kuhusu tofauti za kijamii nchini Uganda. Kilima hiki ndicho Lugard alichojengea ngome yake. Na mtu aliyeletwa hapa mwaka 1892 kwa ahadi ya amani ndiye tunayemsimulia: Mwanamfalme Nuhu Mbogo, Allah amrehemu.

Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Ssuuna II na ndugu yake Kabaka Muteesa I. Wakati wa baba yao ndipo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipofika Buganda na Uislamu. Muteesa alifunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi, kisha mwaka 1876 akawaua vijana wa Kiislamu wa ikulu waliompinga katika mambo ya dini. Kuwa mwanamfalme siku zile hakukuwa raha, kwani ndugu wa mfalme daima alishukiwa kukitaka kiti. Mbogo aliishi kwa kunyamaza.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Wiki chache baadaye Waislamu wakawafukuza wenzao na kumweka Kalema kuwa Kabaka. Hapa tusijifiche: tulipokuwa na madaraka hatukuyagawa, na Kalema aliwaua wana wa kifalme wengi, wake kwa waume. Mbogo akanusurika tena. Wakristo walirudi kwa nguvu, Kalema akakimbilia mpaka wa Bunyoro, akafa kwa ndui mwaka 1890. Ndipo Waislamu waliobaki porini wakamchagua Mbogo, mtu wa makamo ambaye hakuwa ameutafuta ufalme huo.

Desemba ya mwaka huohuo Lugard alifika kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, IBEA, akapiga kambi kilimani. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana Mengo, na bunduki za ngome zikaamua nani ashinde. Baada ya hapo Lugard hakutaka Waislamu wabaki mpakani na silaha zao. Selim Bey, kiongozi wa askari Wasudani, mababu wa Wanubi wetu wa leo, akasimama kati. Mbogo akakubali kuja Kampala, karibu na ngome, na watu wake wakapewa Butambala, Gomba na Busujju.

Kwa nini alikubali? Wapo wanaosema alichoka, na wapo wanaosema aliuza vita. Kwa maoni yangu alihesabu. Watu wake walikuwa na njaa na ndui, na aliziona bunduki za ngome zikifanya kazi. Ila alichopata kwa kuja hakikudumu. Mwaka 1893 Waislamu walidai ardhi zaidi wakanyimwa, Kapteni Macdonald akamkamata Selim Bey na kuwapokonya Wasudani silaha, Waislamu wakapigwa, na Gomba na Busujju zikatoka mikononi mwao. Selim Bey alifia njiani akipelekwa pwani. Mbogo alihamishiwa Zanzibar, akarudi mwaka 1895 na kukaa Kibuli. Wasudani walipoasi mwaka 1897 hakuwaunga mkono.

Sasa njoo kwenye karatasi, maana hapa ndipo mtafiti anapopata kazi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba, kwa tarakimu. Kabaka, ambaye alikuwa bado mtoto, maili 350. Mashirika matatu ya wamisionari, maili 92. Wasimamizi watatu wa kiti cha Kabaka, Waprotestanti wawili na Mkatoliki mmoja, kila mmoja maili 16 za kwake na 16 za cheo. Mbogo, kwa ajili yake na wafuasi wake, maili 24, pamoja na pauni 250 kwa mwaka kwa sharti asidai tena ufalme. Piga hesabu: msimamizi mmoja alishika 32. Kati ya ssaza 20, ya Waislamu ilikuwa moja, Butambala. Kweli, palikuwa na Waislamu wengine waliopata mafungu yao kama machifu, na mwanafunzi mwaminifu lazima nao awahesabu kabla hajatoa hukumu.

Ardhi ilizaa shule. Namilyango ilianza mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo 1906, zote za kanisa. Mzazi Mwislamu aliyeogopa mtoto wake asirudi na jina jingine alimbakiza madrasa. Asiye na cheti hakuajiriwa ofisini. Watoto wa wapiganaji wakawa wachinjaji, madereva na wachuuzi, na baada ya kizazi kimoja watu wakaanza kusema kwamba Mwislamu kwa tabia yake hapendi kusoma. Ni namna ileile ambayo serikali ya kikoloni iliwagawia Mzungu, Mhindi na Mwafrika kazi na mishahara, kisha ikayaita matokeo yake maumbile.

Kwa muda mrefu aliyesoma kisa hiki alikisoma kwa kalamu za walioshinda, wamisionari na Sir Apolo Kagwa. Ilikuwa miaka ya 1970 ndipo watafiti kama Abdu Kasozi, Noel King na Arye Oded walipotoa vitabu vilivyouweka Uislamu wa Uganda katikati ya habari. Kasozi baadaye aliandika pia maisha ya mtoto wa Mbogo, Badru Kakungulu.

Mbogo alifariki mwaka 1921. Makerere ilifunguliwa mwaka uliofuata. Kakungulu alikuwa na miaka kama kumi na minne aliporithi uongozi wa Waislamu, na alipokua akaitoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti, shule na hospitali. Kiasi gani cha zile maili 24 kilibaki kwa ukoo, kiasi gani kiliwafikia wafuasi waliotajwa mkatabani, na kiasi gani kiliuzwa, ni jambo la kufuatwa hati kwa hati katika ofisi ya ardhi. Anayetafuta mada aanzie hapo, na kabla ya kwenda apande mnara wetu asubuhi, kabla ya ukungu kuondoka, akiangalia upande wa Kibuli.