Alitimuliwa Chuo, Akayeyusha Chuma kwa Stima: Hii Ndiyo Stori ya Paul Héroult

Ile skrapu unayoona ikipimwa kwa kilo mtaani, mabati yenye kutu, chesisi, nondo za mjengo uliobomolewa, unajua huendaga wapi? Duniani, nyingi huishia kwa tanuru la stima. Na msee aliyelitoa tanuru hilo kwa majaribio hadi kiwandani ni Mfaransa ambaye chuo kilimchoka mapema.

Paul Héroult alizaliwa Aprili 1863 huko Thury-Harcourt, Normandy. Buda yake alikuwa na biashara ya ngozi. Akiwa na miaka 15 hivi, Paul alisoma kitabu cha mwanakemia Sainte-Claire Deville kuhusu aluminiamu, na akili ikabaki hapo. Elewa kwamba wakati huo aluminiamu haikuwa ya sufuria. Mwaka 1884 Wamarekani waliiweka kwenye ncha ya mnara wa Washington, ndio ujue ilivyokuwa na heshima.

Alipoingia chuo cha migodi Paris, masomo ya darasani hayakumshika. Akafeli, akatimuliwa. Ningependa kujua walimwambia nini nyumbani.

Mwaka 1885 buda akafariki, na kijana akaachiwa kiwanda cha ngozi pale Gentilly, karibu na Paris. Badala ya kukaa na ngozi, akageuza pale kuwa maabara. Mathe wake alitoa ganji ya familia anunuliwe dainamo. Hebu fikiria presha hiyo. Mtoto hana cheti, mzee hayupo, na akiba ya nyumba imeingia kwa mashine ya kutoa stima.

Jibu lilikuja kama ajali. Alikuwa anapitisha stima kwa madini yaliyoyeyuka, rodi yake ya chuma ikaanza kuyeyuka, na joto halikuwa limefika la kuyeyusha chuma. Wengi wangelaani mashine. Yeye akashuku kuna kitu kimechanganyika na hicho chuma. Kilikuwa aluminiamu. Aprili 1886, akiwa na miaka 23, akachukua patenti.

Sasa noma. Kule Ohio, Marekani, Charles Martin Hall alikuwa amefanya kitu kilekile, bila hao wawili kujuana. Hall alithibitisha kwamba alifaulu Februari 1886, na Héroult akakosa soko la Marekani. Hata kwao Ufaransa alikataliwa na tajiri wa aluminiamu, Pechiney. Ikabidi aende Uswisi, Neuhausen, ambako kiwanda kilitumia nguvu ya maji ya mto Rhine.

Halafu akarudi kwa chuma. Kwenye kiwanda cha La Praz, milima ya Alps, mwaka 1900 alikuwa anatengeneza chuma cha pua kwa stima. Umeona welda akipiga cheche? Ni wazo hilohilo, ila rodi ni za kaboni, nene kama magogo. Zinashushwa karibu na chuma bila kukigusa, stima inaruka hapo katikati, na joto la cheche linapita nyuzi 3,000. Chuma huyeyuka kwa kama 1,500 tu. Akili yake ilikuwa kupitisha stima kutoka rodi moja, ndani ya chuma chenyewe, hadi rodi nyingine. Hakuna makaa ya kuchafua chuma, na skrapu inageuka mali mpya. (Usijaribu kwa plot, tafadhali. Stima hiyo haikupi nafasi ya pili.)

Mwaka 1906 tanuru lake liliwashwa Syracuse, New York, la kwanza la aina yake Marekani. Nchi iliyompiga chini kwa aluminiamu ikamfungulia mlango kwa chuma.

Héroult alifariki Mei 1914, akiwa na miaka 51. Hall, ambaye pia alizaliwa 1863, akafuata Desemba mwaka huohuo. Lile tanuru la Syracuse liliishia Station Square, Pittsburgh, likiwekwa wazi kwa wapita njia. Ukipata viza, kaliangalie.