Bibi Titi na swali la mwenye nyumba

Mtu ana nyumba ya Kiswahili Kariakoo, vyumba sita, ukumbi katikati, uani kuna choo na jiko. Analala chumba kimoja, vitano kapangisha. Huyo ni tajiri au maskini? Muulize mpangaji wake, atakuambia ni tajiri, hasa mwisho wa mwezi ukifika. Muulize afisa wa benki, atacheka. Mwaka 1967 swali hili halikuwa la semina. Lilimtoa kwenye uongozi wa TANU mwanamke ambaye barabara yenye jina lake tunaivuka kila tukitoka Posta kwenda Kariakoo.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Mji wa Waingereza ulikuwa na mafungu: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati kwenye maduka, Waafrika Kariakoo na Ilala, na kati yao uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Kanuni zilitaja aina ya majengo, siyo rangi ya mtu, lakini kila mmoja alijua nani ana uwezo wa kujenga jengo la aina ipi. Kodi nayo ilikuwa na tabia yake. Wajerumani walileta kodi ya kibanda, Waingereza wakaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa, na kwa miaka mingi haikumuuliza mtu anapata kiasi gani. Kichwa ni kichwa. Mchukuzi wa mizigo na mwenye duka la vitambaa, wote Waafrika, wangeweza kutoa kiwango kilekile.

Titi alisoma Kurani, kisha shule ya wasichana mpaka darasa la nne, basi. Mtaani alijulikana kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mume wake, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi. Ukitaka kuwapanga kwenye matabaka ya vitabuni utapata shida: hawakuwa wakulima, hawakuwa waajiriwa wa ofisini, na masikini hohehahe hawakuwa.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Titi akatolewa mbele. Kufika Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi.

Wengi tunalieleza jambo hili kwa kipaji chake cha kuhutubia. Kipaji alikuwa nacho, lakini mimi naona kuna sababu nyingine, na hiyo inahusu kipato. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU. Karani mwenye mshahara, ambaye tungemwita tabaka la kati, alikuwa na kitu cha kupoteza. Mama wa vitumbua, mpika pombe, mwenye nyumba ya vyumba vinne aliyeachika na anaishi kwa kodi za wapangaji, hao hawakuwa na bosi wa kuwafukuza. Titi aliwafuata kupitia vikundi vya ngoma, ambako tayari walikuwa na viongozi na michango. Kwa hiyo pesa ndogo isiyotegemea mwajiri iliupa uhuru miguu. Nadhani kwenye kozi zetu za historia jambo hili tunalipita haraka mno.

Uhuru ukaja. Titi akawa mbunge, akawa naibu waziri, akaongoza Umoja wa Wanawake ulioundwa 1962. Mwaka 1965 alikosa kiti cha ubunge Rufiji.

Hapa wenzangu wa chuo tunaingia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyowataka wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Nyerere akakasirika. Mamia wakarudishwa makwao. Lakini siku hiyohiyo hoja ya mishahara ilimgusa, akapunguza wake kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine ikafuata. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi ilimaanisha pamoja na mume au mke wake.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alilipinga sharti hilo, akaachia nafasi yake kwenye Kamati Kuu.

Ni rahisi kusema alikuwa mroho. Wapo waliosema. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Waziri mwenye digrii akitoka madarakani anarudi na cheti chake, anatafuta kazi nyingine, pengine na pensheni. Mwanamke wa darasa la nne anarudi na nini? Kwake nyumba ndiyo cheti, ndiyo pensheni. Sharti lile lilihesabu kitu alicho nacho mtu bila kuuliza anapata shilingi ngapi wala ana kingine gani. Hapo, nisamehewe na wanaolienzi Azimio, lilifanana na kodi ya kichwa: kiwango kimoja kwa wote.

Upande wa pili nao una nguvu. Mbunge mwenye wapangaji akikaa kutunga sheria ya kodi za nyumba, atasimama na nani? Hilo Nyerere aliliona, na hakukosea. Ila palikuwa na njia ya katikati, kutoza kwa kupima kipato. Mwajiriwa leo akipata shilingi 270,000 au chini kwa mwezi halipi kodi ya mapato, na mshahara ukipanda asilimia nayo inapanda hadi 30. Kwenye majengo bado hatujafika huko. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Kiswahili chenyewe kinaita yote mawili kodi, anayolipwa mwenye nyumba na inayolipwa serikalini. Aliyepanga geto anajua zinavyoweza kutoka mfuko mmoja.

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Kesi ya uhaini, ya kwanza nchini, ilimhusisha pia Oscar Kambona aliyekuwa London. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha, safari hii ikiweka mstari: yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaani miaka minne baada ya Azimio, sheria ilitofautisha ghorofa la mjini na kibanda cha Kariakoo. Kwa viongozi sharti lilibaki lilelile, vyumba viwili au ishirini.

Nyerere alimsamehe, akatoka 1972. Mumewe alikuwa amemwacha. Aliishi kimya, mbali na siasa.

Februari 1991 CCM ilikutana Zanzibar, ikalegeza masharti. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa, mishahara miwili, na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa hai, anakaribia miaka 65. Desemba ya mwaka huo, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, alitajwa tena hadharani kama shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, Afrika Kusini.