Chemirocha: Msee wa Reli Aliyeimbwa Kapkatet na Hakuwahi Kanyaga Kenya

Kama uko Litein, Sotik ama Kericho tao, na unangoja ngoma ikushukie kutoka mawinguni ndio uandike, hebu tulia kiasi. Kuna msee Wakipsigis walimwimba kitambo sana, na maisha yake yatakuonyesha vile ngoma hupatikana.

Anaitwa Jimmie Rodgers. Alizaliwa 1897 kusini mwa Marekani, na nyumbani kwake kukawa Meridian, Mississippi. Mamake alikufa yeye akiwa mdogo. Budake alisimamia mafundi wa reli, kwa hivyo Jimmie akaanza kibarua mapema, akibebea maji wale wa kutengeneza njia ya treni. Wengi wao walikuwa Wamarekani weusi, na walipiga kazi wakiimba. Yeye akatega sikio. Baadaye akawa mtu wa breki kwenye treni, na bado alikuwa anaokota nyimbo kila mahali.

Halafu 1924 akapatikana na TB. Manze, siku hizo hakukuwa na dawa ya kuiponya. Jiweke hapo: una miaka 27, bibi na mtoto wanakuangalia, kazi ya reli imekushinda, doh hakuna. Yeye akashika gitaa.

Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi na kampuni ya Victor huko Bristol, Tennessee. Bendi yake ilikuwa imemhepa usiku uliotangulia, akaingia solo. Ngoma mbili alizorekodi hazikutikisa sana. Hakukaa akingoja kuitwa. Alijipeleka New York mwenyewe, akamsumbua Ralph Peer, yule msee wa kurekodi, hadi akapewa nafasi tena. Mwisho wa Novemba akaimba Blue Yodel ya kwanza, na hapo jina likalipuka.

Sasa skiza hii vizuri. Jimmie hakujua kusoma noti za muziki. Alitafuta mwenye anajua: Elsie McWilliams, dadake bibi yake, na wakaandika nyimbo nyingi pamoja. Ugonjwa wenyewe pia aliugeuza ngoma, akarekodi wimbo wa TB mwaka wa 1931. Kwa chini ya miaka sita alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100. Alijua siku zake ni chache, na hakuzipoteza akingoja mudi.

Mei 1933 alirudi studio New York akiwa hoi. Aliwekewa kitanda huko, akawa anaimba, analala kidogo, anaamka, anaimba tena. Tarehe 26 akafa, siku mbili tu baada ya kurekodi mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 35.

Lakini santuri zake zilikuwa zimevuka bahari hadi kwa Wakipsigis. Jina Jimmie Rodgers likageuka Chemirocha. 1950, Hugh Tracey alipokuja Kapkatet na mashine za kurekodi, alipata wasichana wakimwimba, Chemutoi Ketienya akiongoza. Kwao Chemirocha alikuwa kiumbe, nusu mtu nusu swala, na walikuwa wanamwita aje adensi. Hawakukopi sauti ya Mmarekani. Walichukua walichoskia, wakakiimba kwa Kikipsigis na kinanda cha nyuzi cha kwao, na rekodi hiyo inaskizwa duniani hadi leo.

Wewe je? Mistari iko hapo nje. Iko kwa wamama wakipiga stori foleni pale majani hupimwa, iko kwa makanga wa matatu za Bomet, iko kwa shosho yako mwenye bado anakumbuka nyimbo za zamani. Kila siku rekodi kitu kwa simu, hata kama ni sentensi moja tu. Jioni tenga nusu saa, simu iwe mbali ukimaliza kuskiza, andika hata kama haitoki fiti. Kama kinanda kinakulemea, tafuta msee wa kwaya mwandike pamoja. Ukiwa na ngoma mbili zimekamilika, usikae nazo kejani. Peleka studio, ukikataliwa rudi tena, kama Jimmie.