Mwalimu Aliyezikwa Liuli

Ukishuka kutoka milima ya Mbinga hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utafika Liuli. Hapo lipo kaburi la William Percival Johnson. Hakuwa Mkatoliki; alikuwa padre wa Kianglikana wa misheni ya UMCA. Hata hivyo, sisi tunaojiandaa kuwalea vijana wa shule katika imani tuna la kujifunza kwake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1876, akiwa na miaka 22, alikuja Zanzibar pamoja na Askofu Edward Steere, na baadaye akaelekea Ziwa Nyasa. Huko mwenzake, Charles Janson, alifariki mwaka 1882. Miaka miwili baadaye Johnson mwenyewe aliugua macho, akakaribia kuwa kipofu. Hakupona kabisa, lakini alirudi ziwani, na kwa macho hayo hayo akatafsiri Biblia katika Kichinyanja.

Mwaka 1895 rafiki yake, Askofu Chauncy Maples, alizama ziwani. Meli iliyopewa jina la askofu huyo iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, na kushushwa majini mwaka 1901. Ilikusudiwa kuwa kanisa, hospitali na chuo cha walimu kwa pamoja. Johnson alisafiri nayo akiwafunda walimu na kutembelea shule za vijijini. Vijana wa ziwa hilo hilo ndio waliokwenda kuwafundisha wadogo zao.

Alifariki Liuli mwezi Oktoba mwaka 1928, akiwa na miaka 74.

Ndugu zangu, Johnson hakungoja wanafunzi wamfuate. Aliwafuata kijijini, akajifunza lugha yao, akala chakula chao. Sisi leo tuna macho mazima. Tunaingia darasani, tunafundisha dini kwa dakika arobaini, tunajua alama za mwanafunzi, lakini hatujui analala wapi wala anaogopa nini. Kijana wa kidato cha pili anaweza kukariri amri zote kumi na bado akawa hana mtu mzima hata mmoja wa kumweleza shida yake. Hapo mafundisho yetu huishia daftarini.

Wiki hii, tumtafute kijana mmoja tunayemfundisha, tumwulize habari za nyumbani, kisha tukae tumsikilize.