Stephen Bishop: Mtumwa aliyechora ramani ya pango la Mammoth kwa kichwa

Mwaka 1838, kijana wa miaka kama 17 aliletwa kwenye pango la Mammoth, jimbo la Kentucky, Marekani, kuwatembeza watalii. Kazi hiyo hakuiomba. Stephen Bishop alikuwa mtumwa, na bwana wake, mwanasheria Franklin Gorin, ndiyo kwanza alikuwa amelinunua pango.

Upande mmoja njia ilikatishwa na shimo lenye kina cha zaidi ya mita 30. Walilibatiza Shimo Lisilo na Mwisho. Mwaka huohuo Bishop akalivuka. Inasimuliwa kwamba alilaza ngazi juu yake, akatambaa gizani hadi ng'ambo. Riwaya ya watoto ya Elizabeth Mitchell, iliyotoka 2004, imepata jina lake hapo.

Ng'ambo kulikuwa na nini? Kumbe kuna mito inayopita chini ya ardhi, na humo samaki weupe wasio na macho. Habari zikaenea, wageni wakamiminika, na wengi walimtaka Bishop awaongoze.

Mwaka 1839 Gorin aliuza pango kwa daktari John Croghan kwa dola 10,000. Bishop naye akapitishwa kwa mnunuzi, pango na mtu kwa pamoja.

Croghan alimpeleka nyumbani kwake Louisville mwaka 1842 achore ramani. Aliichora kwa kumbukumbu tu. Ilipochapishwa 1844 ilikuwa na jina lake, jambo la nadra sana kwa mtumwa, na iliendelea kutumika zaidi ya miaka 40. Leo tunajua pango hilo ndilo refu kuliko yote duniani, zaidi ya kilomita 680.

Uhuru je? Croghan alifariki 1849 na wosia wake ukaagiza watumwa wake waachiwe, lakini baada ya miaka saba. Saba! Bishop akaendelea kushika taa na kuongoza wageni mpaka 1856.

Alikuwa na mke, Charlotte, na mtoto wa kiume, na alitamani kuhamia Liberia. Hakufika. Alifariki 1857, hata miaka 40 hajatimiza.

Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1881, tajiri mmoja wa Pittsburgh, James Mellon, alipogharamia. Mwaka wa kifo uliochongwa hapo ni 1859.